Fundi wa vyerehani nyuma ya Soko Kuu Moshi, na Singer ya mama mkwe wangu

Nianze na kazi yenyewe, maana najua wengi mnatafuta fundi na hamna muda. Cherehani ni Singer ya kukanyaga, aina ya 15K, kichwa cheusi cha chuma chenye maua ya dhahabu ambayo mengi yamekwisha kufutika. Kilikuwa kimekwama. Gurudumu halisogei hata ulishike kwa mikono miwili. Nilikifikisha Moshi mwezi wa pili, kikakaa kwa fundi siku kumi na moja, nikalipa shilingi 65,000 kwa kila kitu, na sasa kinapita juu ya pindo la jinzi bila kuruka hata mara moja. Fundi hana kibao wala jina la duka. Anakaa barazani nyuma ya Soko Kuu, upande wa kutokea stendi, katikati ya muuza vifungo na mama anayeuza ndizi mbivu. Ukiuliza yule mzee wa vyerehani vya zamani, utaonyeshwa kwa kidole.

Hayo ndiyo ya haraka. Yaliyobaki ni marefu, kwa sababu cherehani hiki kilikuwa cha mama mkwe wangu, na siwezi kumsifu fundi bila kumtaja yeye. Kipimo ninachompimia huyu mzee nilikipata kwake.

Mama alifariki mwaka juzi, mwezi wa nane, akazikwa kihambani kwake, shamba la nyumbani, kule Uru, mlimani juu ya Moshi, chini kidogo ya migomba. Cherehani kilibaki barazani kimefunikwa shuka. Miezi ikapita. Shemeji yangu mdogo alipoona vyuma vinaanza kukauka akavihurumia, akavitia mafuta aliyoyakuta jikoni, mafuta ya alizeti. Alifanya kwa mapenzi, simlaumu. Lakini mwenye cherehani alijue hili: mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma hugeuka gundi. Cherehani kinataka mafuta yake, yale mepesi kama maji yanayouzwa kwenye vichupa vidogo, tone moja kila tundu, basi.

Kichwa kilipoletwa kwangu Arusha nilimwita fundi mmoja, ambaye sitamtaja. Alikizungusha mara moja, kikagoma, akasema hiki kimekufa. Akanishauri ninunue kichwa kipya, na hiki yeye atakichukua kwa shilingi 20,000, bei ya chuma chakavu. Hakukilaza hata kuangalia chini yake. Nilikifunga tena kwenye blanketi nikakisukuma uvunguni. Wiki nzima nilikuwa nikifagia chumba kile nafikia ukingo wa kitanda naishia hapo.

Ni wifi yangu mkubwa aliyenikumbusha. Alinipigia simu akasema, "Mwalimu, mama alikuwa na fundi wake pale mjini. Kila Novemba alikuwa anakishusha kwake, kabla msimu wa sare haujaanza. Kamtafute, kama bado yupo."

Kwa hiyo nikapanda Coaster alfajiri, kichwa cha cherehani nimekipakata kama mtoto, maana sikutaka kiwekwe juu ya carrier. Arusha hadi Moshi ni kilomita themanini hivi, na kichwa cha 15K ni chuma kitupu. Nilishuka stendi miguu imekufa ganzi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kiweke hapo chini, kizito hicho."

Nilikifungua. Nilikuwa nimejiandaa kueleza yote: alizeti, Arusha, chuma chakavu. Hakunisubiri. Alipitisha kiganja mahali pale mbele, upande wa kulia, ambapo rangi nyeusi imelika mpaka chuma kinaonekana, doa refu kama jani la mwembe. Ndipo mkono wa mama ulipokuwa ukipumzika miaka yote akigeuza kitambaa.

"Hiki ni cha yule mama wa Uru," akasema. "Yuko wapi mwenyewe? Novemba mbili zimepita sijamwona."

Sikuweza kujibu. Mzee akaelewa, akavua kofia yake, akaishika mapajani kwa muda. "Poleni sana," akasema. Kisha akakigeuza kichwa chali juu ya gunia, akanusa, na kazi ikaanza.

Niwaeleze kidogo mashine hizi, maana zipo bado kwenye nyumba nyingi za Kilimanjaro na watu wanaziuza kwa bei ya bure. Hiyo K ni ya Kilbowie, eneo la mji wa Clydebank kule Scotland, kilipokuwa kiwanda kikubwa cha Singer. Kiwanda kilifungwa mwaka 1980. Mtu akisikia hivyo hudhani vipuri vimekwisha duniani. Fundi alinionyesha kwamba sivyo. Muundo wa namba 15 uliigwa na watengenezaji wengi wa Asia, kwa hiyo vyerehani vingi vyeusi unavyoviona kwenye baraza za mafundi wetu ni ndugu zake. Bobini ya mviringo, kile kigurudumu cha uzi wa chini, ni ile ile, sindano ni ile ile, na zinauzwa hatua tano kutoka anapokaa. Alituma kijana akazileta kabla hajamaliza kufungua skrubu ya kwanza. Kinachokosekana ni mtu mwenye subira ya kufungua.

Na yeye anayo. Alimwaga mafuta ya taa kwenye kila kiungo, akasema kilale hivyo usiku mzima na mchana wake, asilazimishe kitu. Skrubu iliyogoma aliigonga kidogo kwa mpini wa mti, akaiacha, akarudi kwayo baadaye. Alipofungua bamba lililo chini ya mguu wa cherehani, mahali yanapokaa yale meno yanayosukuma kitambaa, akatoa kwa kibanio donge la vumbi na nyuzi zilizoshikana kama sufi. Hakulitupa. Aliliweka juu ya kipande cha gazeti akanisogezea.

Niliutenganisha ule uzi kwa kucha. Ulikuwa wa buluu, karibu wote. Buluu ya sketi za shule ya msingi. Katikati mweupe wa mashati, kidogo kahawia ya kaptula za kaki, na uzi mmoja mwekundu ambao sikuujua ulitoka wapi.

Mama alishona sare. Kabla ya hapo alishona kila kitu. Cherehani alikinunua yeye mwenyewe kwa sehemu kubwa, kabla vyama vikuu vya ushirika havijavunjwa mwaka 1976. Pale mlimani, kwa desturi ya zamani, kahawa ilikuwa ya baba na ndizi zilikuwa za mama. Aliuza mikungu na maziwa sokoni miaka mitatu, akaweka nusu ya bei kwenye kopo la majani ya chai. Baba mkwe alipopokea malipo ya pili ya kahawa akaongeza nusu iliyobaki. Mama alikuwa akiisimulia hesabu hiyo kwa senti zake, na kila mara alimtaja baba kwa heshima kwamba "aliniongezea", hakusema kamwe kwamba alinunuliwa.

Miaka ya mwanzo ya themanini, nguo zilipoadimika madukani, alikuwa akigeuza kola za mashati. Vijana wa leo huenda hamjui: kola ikichanika kwenye mkunjo wa shingo, unaifumua, unaigeuza upande wa ndani uje nje, unaishona tena, na shati linaishi miaka mingine miwili. Alishona chupi za watoto kwa viroba vya unga vya kitambaa. Mitumba ilipoingia kwa wingi na watu wakaacha kushonesha, yeye akawa anapunguza mitumba ya soko la Kiboriloni iwatoshe watu, na akabaki na sare. Wifi ananiambia mwanzoni mwa miaka ya 2000, ada ya shule za msingi ilipofutwa, Januari ile uani palijaa kina mama. Ada ilikuwa imefutwa, sare haikufutwa. Mtoto asiye na sketi ya buluu alikuwa bado hana shule.

Kwenye droo ya meza ya cherehani tulikuta daftari lake. Ni la mistari, jalada limetoka. Kila ukurasa una majina ya watoto na vipimo: kiuno, urefu, bega. Nilitafuta safu ya fedha, ya nani amelipa na nani anadaiwa. Haipo. Nilimuuliza wifi kama kuna daftari jingine la madeni. Akanijibu, "Mama alikuwa anasema, atakayekuwa nayo ataleta." Nimehesabu kurasa: ni themanini na mbili, na nyuma ya jalada ameandika tarehe za kupaka cherehani mafuta.

Nirudi kwa fundi. Siku ya kwanza nilikaa naye hadi saa tisa, na ndipo aliponipa kisa ambacho hakuna mtu wa familia aliyekuwa anakijua. Mwaka mmoja alimfungia mama mkanda mpya wa ngozi wa cherehani, ule unaotoka kwenye kanyagio kwenda kwenye gurudumu, akampa cherehani akaondoka. Baada ya siku tatu mama akarudi kutoka Uru, amepanda gari asubuhi, hana cherehani mkononi. Akaketi pale kwenye stuli. Akamwambia, "Fundi, naomba uje ukisikilize." Hakusema umekosea. Hakutaja pesa. Mzee akafunga kazi yake, wakapanda wote hadi Uru, mama akakanyaga na yeye akasikiliza. Kiungo cha mkanda kilikuwa kinagonga kila mzunguko, tok, tok. "Na mimi nilikuwa nimekisikia siku ile," mzee akaniambia, "nikajisemea mwanamke wa kijijini hatasikia." Akaukata, akaufunga upya. Mama akampa chakula, akampa na nauli ya kurudi.

Nilipokisikia kisa hicho nilimwona mama kabisa, kwa sababu hivyo ndivyo alivyonifanyia na mimi.

Mimi si Mchaga. Ni Mnyiramba, kwetu ni Singida. Nilipopelekwa Uru mara ya kwanza kutambulishwa nilikuwa nimeonywa mengi na watu wasiomjua. Tulimkuta barazani anashona. Alinyanyuka, pini mbili zikiwa mdomoni, akaniangalia kutoka mabegani hadi miguuni, polepole, kisha akarudia. Nilijua nimekataliwa. Wiki mbili baadaye kifurushi kikafika Arusha kwa basi: gauni la kitenge, mikono hadi kwenye kiwiko, kiuno chake sawasawa na changu. Hakuna tepe iliyonigusa. Siku ile alikuwa ananipima.

Nilipojifungua binti yangu wa kwanza nilikaa kwake miezi mitatu, kama ilivyo kwao. Wengi wataongelea mtori, na ni kweli, kila asubuhi nililetewa bakuli la mtori wa ndizi mshare na nyama ya mbavu, umesagwa kwa mwiko hadi hauna hata punje. Aika mae, nilikuwa nikisema, na yeye anacheka matamshi yangu ya Kichaga. Lakini ninachokikumbuka zaidi ni blauzi mbili. Nilizikuta zimekunjwa kitandani siku niliyofika kutoka hospitali. Zinafunguka mbele kwa vifungo vikubwa ambavyo mkono mmoja unaviweza, na kwa ndani, kifuani, alikuwa ameshonea bitana ya flaneli mara mbili ili maziwa yakivuja yasionekane mbele za wageni. Mimi mwenyewe sikuwa nimewaza kwamba maziwa huvuja. Hakuzisema zile blauzi hata siku moja.

Miezi hiyo ndiyo aliyonifundisha kushona. Msidhani alikuwa mlaini. Kazi ya kwanza ilikuwa foronya. Nikashona upande mmoja, nikampelekea. Akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya mshono, taratibu, mwanzo hadi mwisho, akanirudishia na wembe. "Fumua." Nikafumua. Nikashona tena. "Fumua." Mara ya tatu machozi yalinitoka, mtoto analia chumbani, mgongo unauma. Alikwenda akambeba mtoto, akambembeleza, na alipopita karibu yangu akasema kwa sauti ya chini, "Fumua, mwanangu." Mara ya nne alipitisha ukucha, akanyamaza, akanipa kitambaa kingine.

Sikuona uonevu, kwa sababu mwenyewe alijifumua zaidi. Usiku mmoja kuelekea Krismasi alikuwa amemaliza gauni la mteja, limepigwa pasi, limetundikwa. Akalitazama kwa mbali. Mkono wa kushoto ulikuwa umekaa chini ya wa kulia kwa upana wa kidole. Mwenye gauni asingeona, wala mumewe, wala padri. Umeme ulikuwa umekatika. Alinipa taa nikamshikia, akafumua mkono wote na kuurudishia, tukalala saa saba.

Na kwa watu alikuwa na upole ambao hakuutumia kwa mishono. Mteja akirudi baada ya mwaka, gauni halipiti tena kiunoni, mama alikuwa anaushika ukingo wa kitambaa na kusema, "Hiki kimerudi kwenye maji." Anafumua ubavuni, anatoa akiba, anamrudishia. Mwanamke anatoka pale kichwa juu.

Akiba, hilo ndilo jambo. Kila nguo ya mtoto iliyopita mikononi mwake ilikuwa na vidole vinne vya pindo chini, na vidole viwili kila ubavu. Mafundi wengi hukata hapo, kitambaa kinachobaki wanakifanyia kazi nyingine. Mama alikuwa akimwambia mzazi, "Mlete Januari ijayo nimfungulie." Kwa pesa alikuwa anapoteza, kwa sababu sketi moja ilimchukua mtoto miaka mitatu. Niliwahi kumwambia hivyo, mimi na hesabu zangu za ualimu. Alinijibu kwamba anajua.

Sasa kasoro za fundi, maana zipo na msafiri azijue. Alisema siku tatu, ikawa kumi na moja. Simu yake mara nyingi haipatikani. Nilisafiri kutoka Arusha mara mbili nikarudi mikono mitupu, na nauli ni nauli. Hatoi risiti. Anaandika jina lako na la kwake kwenye kipande cha boksi, anakipasua katikati, kila mtu anabaki na nusu. Hapokei malipo kwa simu, ni taslimu tu. Pale barazani pana vumbi, na mvua ikinyesha inabidi msubiri chini ya turubai la jirani. Kama ningetakiwa kutoa nyota ningempa nne kati ya tano, na ile moja naikata kwa sababu ya simu peke yake. Mtu anayetoka mbali anastahili kuambiwa asije.

Lakini mara ya pili niliporudi bure nilikasirika, nikamuuliza kinachochelewesha ni nini, kwa kuwa niliona kabisa kichwa kinazunguka. Akaniongoza nyuma, ilipo meza. Shemeji alikuwa ameishusha kutoka Uru kwa kirikuu, miguu yake ya chuma na kanyagio. Mkanda mpya wa ngozi ulikuwa sakafuni, umekatwa. "Niliufunga juzi," akasema. "Nikaketi, nikakanyaga, nikausikia. Nimeagiza mwingine." Hakuongeza neno, na mimi sikuwa na la kusema. Nililipa nauli yangu ya kurudi Arusha bila kinyongo.

Mchanganuo wa zile 65,000 ni huu: ufundi 40,000, mkanda 10,000, na iliyobaki ni springi ya kubania uzi, mpira mdogo unaozungusha bobini wakati wa kuijaza, sindano kumi, bobini sita na chupa ya mafuta. Alinirudishia vitu vyote vya zamani alivyovitoa, vimefungwa kwenye kitambaa, nione mwenyewe vilivyokwisha. Kikasha cha bobini hakukibadilisha. Kijana anayemsaidia alitaka tuweke kipya kwa 8,000, mzee akakikagua kwenye mwanga akasema hiki cha zamani ni bora kuliko hicho kipya, kiacheni. Alikataa pia kunifungia mota. Anafunga mota kwa watu wengine, nilimwona. Kwangu aliniuliza nani atashona, nikasema mimi na binti yangu, akasema basi mtoto aanze kwa miguu, atajifunza kwenda taratibu.

Jambo la rangi lilinigusa zaidi. Nilikuwa nimekusudia kichwa kipakwe upya, kiwe cheusi kinachong'aa, nilidhani hiyo ndiyo heshima. Mzee akasema anaweza, ana rangi nzuri, ni 15,000 ya ziada. Kisha akaweka kidole kwenye lile doa la chuma, mahali pa mkono wa mama, akasubiri nijibu. Nikamwambia aache. Akalisugua kwa kitambaa chenye mafuta lisishike kutu, akapita.

Nikishona sasa, mkono wangu unatua hapo hapo. Mama alikuwa na kiganja kidogo kuliko changu.

Siku ya kugawa vitu vyake, ukoo ulikuwa umekaa uani, na cherehani kilitajwa mwisho. Kina wifi wako watatu, wote wanashona vizuri kunishinda, na wawili wanaishi kwa kushona. Mimi nilikuwa jikoni na wake wengine wa ukoo. Wifi mkubwa akaja kuniita. Akasema mbele ya wazee kwamba mama aliacha neno, cherehani aende nacho Mwalimu. Mzee mmoja akauliza kwa nini kitoke nje ya damu. Wifi akajibu kama alivyoambiwa: "Mama amesema ni kwa sababu yeye alikubali kufumua." Hakuna aliyeuliza tena. Wifi hao hao ndio waliochanga 30,000 kwenye matengenezo haya, bila kuombwa.

Kazi ya kwanza niliyoifanya baada ya cherehani kufika kwangu Sakina, Arusha, ilikuwa gauni la binti yangu. Mama alimshonea Krismasi yake ya mwisho, kitenge cha kijani chenye ndege wa njano, binti akiwa na miaka kumi na moja. Sasa yuko kidato cha kwanza na limempanda juu ya magoti. Niliketi na wembe nikafungua pindo. Vidole vinne, nilivipima kwa mkono wangu vikawa vitatu na nusu. Kitambaa kilichokuwa kimefichwa ndani kilikuwa kijani kibichi kama siku kilipotoka dukani, ndege wake wa njano wanawaka, na juu yake gauni lote limepauka kwa jua na sabuni. Binti akauliza kama tuufiche ule mstari kwa utepe. Nikamwambia tuuache.

Nilishona pindo jipya, jembamba. Upande wa nyuma nilipinda kidogo. Nilipitisha ukucha, nikachukua wembe.

Mwongozo kwa atakayekwenda: mfike kabla ya saa nne, kabla jua halijageukia ile baraza. Peleka meza na miguu yake pia, usipeleke kichwa peke yake, maana mzee hakubali kukabidhi kazi ambayo hajaikanyaga mwenyewe. Siku za Jumapili hayupo. Cherehani kilichotiwa mafuta ya kula usijaribu kukizungusha kwa nguvu, utavunja, mpelekee kilivyo. Na kama kuna mahali kimelika kwa mkono wa mtu, mwonyeshe mapema.

Mimi nitakishusha tena Novemba. Tarehe amekwisha kunipa, nusu ya kipande cha boksi iko kwenye droo, juu ya daftari la mama.